Kaka katolewa uvimbe wa ini, sasa wakala anatuuzia "seli za kinga". Tuuze kiwanja?

Mwana_Igoma

Wakuu, habari za mihangaiko. Uzi ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Kaka yangu mkubwa ana miaka 46. Mwaka jana alianza kulalamika ubavu wa kulia, tukajua ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za vidonda miezi miwili mizima. Ultrasaundi ndiyo iliyotuumbua: uvimbe kwenye ini, sentimita tatu na nusu. Damu ikapimwa, ana homa ya ini B, na wala hakuwahi kujua. Ukoo ukachanga, akaenda India, akakatwa kipande cha ini. Daktari akasema uvimbe umetoka wote, mishipa mikubwa haikuguswa, na ini lililobaki lina nguvu. Karudi na dawa ya kila siku ya kutuliza virusi vya homa ya ini B, tenofovira, na tarehe za kurudia vipimo.

Sasa wakala aliyetupangia ile safari kaibuka na jambo jipya. Anasema kuna nchi nyingine (ataitaja tukilipa malipo ya awali) ambako wanachukua damu ya mgonjwa, wanakuza seli zake za kinga maabara, halafu wanamrudishia kwa dripu zikawinde mabaki ya saratani. Dozi 6 ndani ya wiki tatu. Damu inatolewa Jumatatu, dozi ya kwanza Ijumaa. Ukijumlisha nauli na malazi ni milioni 85. Kasema pia kaka aache tenofovira wiki mbili kabla ya safari, eti inadhoofisha seli.

Mama kashasema kiwanja cha Buswelu kiuzwe. Hati ninayo mimi, na kila asubuhi simu ya kwanza ni yake. Hii tiba ipo kweli au tunapigwa?

Jembe_la_Mkono

Kiwanja utanunua kingine mkuu, kaka hununui. Uza.

TibaAsili_Kigoma

Kuna mzizi mmoja mtu anachemsha na...

Bint_Pangani

@TibaAsili_Kigoma hapana. Mtu kakatwa ini juzi, unataka kumnywesha mzizi usiojulikana kipimo, na ini ndilo linalochuja kila anachomeza. Wa maabara aje, yule aliyeko Korea.

Mpima_Damu

Nimeitwa, nimekuja. Mimi ni mtu wa maabara, nipo Korea Kusini kimasomo, si daktari wa saratani. Haya ninayoandika ukamwulize daktari wa kaka.

Mkuu, tiba ipo, na siyo ya jana. Ila aliyokuelezea wakala na iliyofanyiwa utafiti zinafanana jina tu.

Nianze na kwa nini watu waliifikiria. Saratani ya ini ina tabia moja mbaya: unaitoa, inarudi. Waliokatwa ini, hadi asilimia 70 huiona tena ndani ya miaka mitano. Wakati mwingine ni mbegu ndogo zilizobaki ambazo hakuna kipimo kinachoziona. Wakati mwingine ni uvimbe mpya kabisa, kwa sababu shamba ni lile lile, lina virusi au lina makovu. Na ini kwa asili yake ni kiungo kipole. Damu yote kutoka matumbo hupitia hapo ikiwa na mabaki ya chakula na vijidudu, kwa hiyo askari wa kinga walioko kwenye ini wamezoea kutokurupuka. Saratani inajificha nyuma ya upole huo.

Wajapani ndio walioleta ushahidi wa mapema wenye uzito. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wao wa watu 150, wote wameshakatwa ini. Watu 76 wakarudishiwa limfosaiti zao (chembe nyeupe za kinga) zilizoamshwa maabara, mara tano ndani ya miezi sita, na 74 hawakupewa. Baada ya miaka minne na kitu, saratani ilikuwa imerudi kwa asilimia 59 ya waliopewa na asilimia 77 ya wasiopewa. Lakini ukihesabu walio hai, makundi mawili hayakuachana kwa kiasi cha kuaminika.

Halafu Wakorea, mwaka 2015. Watu 230, hatua za mwanzo, ini bado zima. Uvimbe wao ulikuwa umeshaondolewa kwa kisu, au kwa sindano inayouchoma kwa joto la mawimbi ya redio, au kwa sindano ya spiriti inayoua uvimbe. Nusu wakapewa seli zinazoitwa CIK. Unatoa damu kiasi cha mililita 120, unatenga chembe nyeupe, unazilea na intaleukini-2 (protini inayochochea chembe za kinga) pamoja na kingamwili ya kuziamsha kwa wiki mbili hadi tatu, zinaongezeka hadi mabilioni. Kila dripu ilibeba seli kama bilioni 6.4.

Sasa shika kalamu. Walipewa dozi 16: nne za kila wiki, nne za kila wiki mbili, nne za kila wiki nne, nne za kila wiki nane. Jumla wiki 60. Nusu ya waliopewa walifikisha miezi 44 kabla saratani haijarudi. Wasiopewa, nusu yao walifikisha miezi 30. Waliendelea kufuatiliwa zaidi ya miaka mitano na tofauti ikabaki.

Rudi kwa wakala wako. Dozi 6, wiki tatu. Damu Jumatatu, seli Ijumaa. Seli za aina hii ndani ya siku nne unazikuza vipi? Hata kuhakikisha tu kwamba hazina bakteria kunataka siku zake. Mimi ninashinda na hizi chupa za kuoteshea, sijui huyo kaka atatundikiwa nini.

Na hiyo ya kuacha tenofovira ni hatari peke yake, hata bila safari. Homa ya ini B ukiikatia dawa ghafla inaweza kuripuka, na ini lililokatwa halina akiba ya kuhimili hilo. Mwambieni asiguse dawa hiyo bila daktari wake. Leo, siyo kesho.

Mwana_Igoma

Nimempigia saa hii. Alikuwa ameshaacha siku tatu! Amemeza sasa hivi, na kesho asubuhi anaenda kwa daktari wake hapa Mwanza. Asante mkuu, mikono inanitetemeka.

Jembe_la_Mkono

Nafuta kauli yangu ya juu.

Kipande_cha_Muhogo

@Mpima_Damu swali la mjinga. Kama seli ni za kwake mwenyewe na zinaua saratani, kwa nini wamkate kwanza? Si wangemtundikia tu moja kwa moja?

Mpima_Damu

Siyo la kijinga, ndilo swali lenyewe la uzi huu.

Fikiria kichaka kilichoota kwenye shamba. Humpeleki mtoto na kijembe cha palizi akang'oe miti. Wenye mashoka wanaanza, miti inaanguka, ndipo mwenye kijembe anapita kuchimbua vichipukizi. Uvimbe wa sentimita kumi una mabilioni ya chembe, umejijengea mishipa yake ya damu, na unamwaga kemikali zinazolaza askari wanaoukaribia. Tena seli ukizitundika mkononi haziendi ini moja kwa moja, nyingi hukwama kwanza kwenye mapafu. Zinazofika ni chache. Kwa mabaki ya kutafuta kwa tochi huenda zikatosha. Kwa kichaka hapana.

Ndiyo maana zinaunganishwa na tiba ya kawaida. Na kuna faida ya pili: uvimbe ukichomwa au ukizibiwa mshipa wake, chembe zake hupasuka na kumwaga vipande vyake nje, na kinga inapata cha kuitambulia. Wachina wamejaribu sana kuunganisha seli hizi na ile tiba ya kupitisha mrija kwenye mshipa wa paja hadi kwenye ini, dawa ikamwagwa ndani ya uvimbe na mshipa unaoulisha ukazibwa. Kazi zao ni nyingi, ila nyingine ni za watu wachache, na nyingine ni kufukua mafaili ya zamani, mle ambamo aliyepewa seli mara nyingi ndiye aliyekuwa na nafuu na pesa tangu mwanzo. Mimi sizitilii uzito wa ile ya Korea.

Na hata ya Korea ina tundu. Wasiopewa seli hawakutundikiwa chupa ya maji ya kuwazuga, kila mtu alijua yuko kundi gani. Wachina nao walifanya utafiti wa watu 200 baada ya upasuaji, wakauchapisha 2016. Saratani ilichelewa kurudi, miezi 13.6 dhidi ya 7.8, lakini mwisho wa safari idadi ya waliobaki hai haikuwa tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia kurudi "kunakwisha", huyo ni muuza karanga.

Makueni_Halisi

Muuza karanga tena! 😄 Huku kwetu Kenya hilo si utani. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya kuvu, aflatoksini, yaliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao Makueni na Kitui. Hiyo ni sumu ya kuua kwa siku chache. Ukiila kidogo kidogo miaka mingi, aflatoksini hiyo hiyo inaharibu chembe za ini, na kama tayari una homa ya ini B hatari inazidishwa mara nyingi. Mwana_Igoma, angalieni pia kaka anakula mahindi na karanga zilizohifadhiwa wapi.

Mwana_Igoma

Karanga anazipenda kuliko nyama. Nimelichukua hilo.

Bint_Pangani

Nilisita kuandika ila wacha niandike.

Mzee wangu alikuwa na saratani hiyo hiyo, lakini yeye uvimbe ulikuwa umeshaingia kwenye ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumbo. Kukatwa haikuwezekana. Daktari akatwambia kuna tiba ya kinga ya sindano mbili, ghali, inayotundikwa kila wiki tatu. Wakati huo huo mtu mmoja akatuletea habari ya seli. Sisi tukasikia "kinga" na "kinga", tukaona ni kitu kimoja, na hii ya seli ikaonekana bora kwa sababu ni damu yake mwenyewe, haina kemikali. Tukaenda na seli.

Ikapita miezi minne ya kusafiri na kusubiri. Homa ya usiku mmoja kila baada ya dripu, wakasema ndiyo dalili kwamba zinafanya kazi. Tuliporudi kwa daktari tumbo limejaa maji na macho ni ya njano. Akatwambia kwa ini lilivyo sasa hata zile sindano hawezi kumpa. Hakutugombeza. Ningependa angetugombeza.

Sina hakika zile sindano zingemponya, wala sisemi hivyo. Nasema tulichagua bila kujua kwamba ni vitu viwili.

Mpima_Damu

Pole sana dada. Mungu amrehemu mzee.

Nifafanue hapo maana wengi huchanganya. Tiba ya seli ni kuongeza askari. Zile sindano ni dawa. Atezolizumabu haileti askari hata mmoja, inaachia breki ambayo saratani imewafungia askari uliokuwa nao. Mwenzake bevasizumabu anakausha mishipa mipya ya damu ambayo uvimbe unajiotesha. Dawa hizo mbili zilishindanishwa na vidonge vya sorafenibu kwa watu 501 ambao saratani haikuweza kukatwa: miezi 19.2 ya uhai dhidi ya 13.4, kwa maana ya nusu ya wagonjwa kufika hapo. Tangu 2020 zimekuwa tiba ya kawaida kwa walio katika hali hiyo, ini likiwa bado linafanya kazi. Kabla ya kuanza ni vizuri mgonjwa aangaliwe koo na tumbo kwa kamera, kwa sababu bevasizumabu inaweza kusababisha damu kuvuja kwenye mishipa iliyovimba.

Ajabu ni kwamba dawa hizo hizo zilipojaribiwa kwa watu kama kaka, waliokwishaondolewa uvimbe, mwanzoni zilionekana kuchelewesha saratani kurudi, watu wakashangilia. Walipofuatiliwa kwa muda mrefu zaidi faida ikayeyuka. Kuzuia isirudi ni kazi ngumu hata kwa wenye mabilioni ya dola.

Kariakoo_Guangzhou

Niongeze la huku China, mimi nachukua mzigo huku miaka mingi. Mwaka 2016 kuna mwanafunzi wa chuo, miaka 21, alikuwa na saratani adimu ya tishu laini, siyo ya ini. Familia ilitafuta kwenye Baidu, ile Google ya Wachina, tangazo la kulipiwa likawapeleka kwenye hospitali inayotoa tiba ya seli za kinga. Walilipa zaidi ya yuani laki mbili. Kijana akafa mwezi wa nne, nchi nzima ikawaka. Mwezi wa tano serikali ikapiga marufuku kuuza tiba hiyo, ikabaki kwenye utafiti tu. Wachina ninaofanya nao biashara hadi leo ukiwatajia wanakunja uso.

Kwa hiyo ukiambiwa nchi itatajwa baada ya malipo ya awali, jiulize kwa nini haitajwi kabla.

Kipande_cha_Muhogo

Na zile za CAR-T ninazoziona YouTube? Wanasema ni askari waliofundishwa.

Mpima_Damu

Hizo ni nyingine tena. Pale jeni ya seli inabadilishwa ili itambue alama moja iliyoko juu ya saratani. Kwa ini alama inayowindwa sana ni protini inayoitwa glipikani-3. Kwenye saratani za damu zimefanya maajabu, kwenye ini bado ziko kwenye majaribio. Mgonjwa akiingizwa kwenye majaribio ya kweli, dawa inayojaribiwa kwa kawaida haiuzwi kwake, na karatasi za ridhaa anazisoma kabla hajatoa tone la damu.

@Mwana_Igoma, kama mimi ningekuwa na hati ya kiwanja mkononi, ningemwandikia wakala, kwa maandishi siyo kwa simu: seli za aina gani, zinalelewa siku ngapi, dozi ngapi kwa muda gani, utafiti gani ulitumia mpangilio huo huo, kwa wagonjwa wa hatua gani, na kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi hiyo kina namba gani. Korea bidhaa yao ina kibali tangu 2007, mtu anakionyesha bila kubabaika. Na seli ni kitu hai, hazikai kwenye friji zikingoja ndege, kwa hiyo dozi 16 maana yake ni kuhamia huko mwaka na zaidi. Mpangeni hesabu ya hiyo, siyo ya wiki tatu.

Na kama kuna siku atabadilishiwa ini, habari hii inageuka kabisa, kwa sababu atakuwa kwenye dawa za kulaza kinga ili ini jipya lisikataliwe. Humlazi askari asubuhi ukamwamsha jioni.

Mwana_Igoma

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zimepita, samahani kwa ukimya.

Nilimtumia wakala maswali yote sita. Alijibu moja: seli ni "za kizazi kipya". Nikamwuliza tena siku za kulea, akanitumia video ile ile. Nikamwambia daktari wa kaka ndiye aliyeuliza, akaacha kusoma jumbe.

Daktari wetu alipima damu upya. Vimeng'enya vya ini vimepanda kidogo, ila virusi havijafumuka. Kasema siku tatu ni bahati, zingekuwa wiki tatu tungekuwa tunaongea mengine. Habari ya seli anaijua, hakuibeza. Kasema kwa mgonjwa kama kaka, aliyetolewa uvimbe mdogo na ini lililobaki bado lina nguvu, hiyo ndiyo sehemu pekee ambapo angeisikiliza, tena awe mahali penye kibali na wiki 60 kamili. Lakini kwa pesa tuliyonayo kashauri tuanze na vitu viwili: dawa ya virusi isikatike hata siku moja, na kipimo cha CT pamoja na cha damu cha AFP (protini ambayo saratani ya ini mara nyingi huipandisha) kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo. Ikirudi ikiwa ndogo inachomwa au inakatwa tena. Ikirudi tumeshauza kila kitu, tutaikata kwa pesa gani?

Mama alikuwa mgumu. Alisema mnamwacha mwanangu hivi hivi? Nilimchukua tukaenda naye kliniki, daktari akamchorea ini kwenye karatasi na tarehe za vipimo nane pembeni. Karatasi kaibandika ukutani karibu na picha ya baba. Hajanitajia kiwanja tangu siku hiyo.

Jingine: daktari alitaka ndugu wote tupimwe homa ya ini B, kwa kuwa mara nyingi inatoka kwa mama wakati wa kuzaa au watoto wanaambukizana wakiwa wadogo. Tuko sita. Wawili tumekutwa nayo, mimi ni mmojawapo. Bado sijaanza dawa, nasubiri kipimo cha wingi wa virusi. Dada mdogo hana wala hana kinga. Mke wangu vile vile.

Bint_Pangani

Pole kaka, ila umeijua mapema, kuliko wote tuliowataja humu. Wanao je?

Mwana_Igoma

Wanangu wamezaliwa 2011 na 2015, walichanjwa kliniki na kadi zao zinaonyesha. Hiyo chanjo iliingia kwenye za watoto 2002, ndiyo maana sisi wakubwa tumepitwa. Dada na mke wanaanza wiki hii. Kuna anayejua ratiba ya mtu mzima?

Mpima_Damu

Dozi tatu: ya leo, ya baada ya mwezi mmoja, na ya mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Ya tatu ndiyo watu husahau. Mke wako apimwe kinga mwezi mmoja hadi miwili baada ya hiyo, kwa kuwa anaishi na wewe.

Mwana_Igoma

Nimeziandika kwenye karatasi ya mama, chini ya CT za kaka.